Kufuata Maji ya Mvua Hadi Ziwani: Somo la Mitaro Katika Mji wa Nakuru

Utangulizi

Walimu wanafunzi wengi waendao katika mazoezi ya kufundisha huwa na somo moja la usafi wa mazingira ambalo wamekwisha kuliandaa. Mwalimu huandika ubaoni kwamba tusitupe taka ovyo, wanafunzi hukariri kwa sauti, kisha kengele hulia. Wakati wa mapumziko karatasi za biskuti hutupwa katika mtaro ule ule upitao nyuma ya darasa. Sisi tulio wakufunzi tumeyaona haya mara nyingi, wala hatuwalaumu watoto. Sentensi ya ubaoni haikuwaeleza mtaro huo unakwenda wapi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi tulivyowaongoza walimu wanafunzi kuitathmini mitaro ya maji ya mvua ya Nakuru, pamoja na ziwa liyapokealo maji hayo, na jinsi wao nao walivyowaongoza wanafunzi wa gredi ya tano kufanya vivyo hivyo kwa kadiri ya umri wao. Neno kutathmini tunalitumia kwa maana ya kulipima jambo na kulitolea uamuzi baada ya kulipima, si kabla. Ugumu wa somo hili umo katika maneno hayo ya mwisho, kama itakavyoonekana.

Mji na ziwa lake

Mwalimu hana budi kuijua nchi anayoikanyaga kabla ya kuwatoa watoto nje ya darasa. Nakuru ulitangazwa kuwa mji mwaka 1904, miaka michache baada ya reli kufika. Tarehe 1 Desemba 2021 ulipewa hadhi ya jiji, likawa la nne katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta wakazi 570,674. Ni jiji dogo ukililinganisha na Nairobi, na mwenye miguu mizuri aweza kulivuka kutoka juu hadi chini kwa asubuhi moja.

Kaskazini mwa mji umesimama Mlima Menengai, volkeno yenye kasoko kubwa, ambao kilele chake kina mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Kusini, chini ya kilele hicho kwa kiasi cha mita 500, limelala Ziwa Nakuru. Mji wenyewe umekaa juu ya mteremko baina ya mlima na ziwa. Kwa hiyo mvua ikinyesha katika barabara za mjini haina mahali pengine pa kwenda. Huteremka, hupita chini ya reli, hupita baina ya nyumba za watu, na kuingia ziwani.

Sasa ziangatiwe tabia za ziwa hili. Maji huingia kwa mito ya Njoro, Makalia na Nderit, kwa chemchemi, na kwa mitaro ya mji. Lakini hakuna mto hata mmoja utokao. Njia kubwa ya maji kuondoka ni kugeuka mvuke kwa jua, na mvuke haubebi tope, mafuta ya magari, risasi wala plastiki. Vitu hivyo hubaki. Ndiyo sababu maji ya ziwa hili ni ya magadi, maana chumvi za miaka maelfu zimekusanyika humo. Na ndiyo sababu taka za mji zikiingia hazina pa kutokea.

Magadi hayo yana faida yake. Ndani yake huota mwani mdogo mno usioonekana kwa jicho, ambao ni chakula cha heroe, ndege ambao watu wengi huwaita flamingo. Kwa ajili ya ndege hao na wanyama wengine ziwa lilifanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, likaandikwa katika orodha ya ardhi oevu ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1990, na mwaka 2011 likaingizwa pamoja na Bogoria na Elementaita katika orodha ya urithi wa dunia.

Twawataka walimu wanafunzi walitambue jambo jingine. Kiasi cha maji ya ziwa hili hubadilika sana. Katikati ya miaka ya 1990 lilipungua mno. Tangu kiasi cha mwaka 2010 limepanda, kutoka kilomita za mraba zipatazo 40 hadi zaidi ya 60, likafunika lango kuu la hifadhi na kuwahamisha watu katika mitaa ya Mwariki na Baruti. Mtu aweza kusema kwa haraka kwamba mitaro ya mji ndiyo iliyolifurisha ziwa. Lakini maziwa ya Baringo, Bogoria na Naivasha nayo yalipanda katika miaka hiyo hiyo, ilhali hayapokei mitaro ya Nakuru. Chanzo kikubwa chatafutwa katika wingi wa mvua ya Bonde la Ufa zima na katika hali ya ardhi na misitu huko yanakotoka maji. Mwalimu akiyajua haya hatawafundisha watoto kuutwika mtaro mzigo usio wake.

Kutofautisha maji na maji

Kosa la kawaida katika maandalizi ya somo hili ni kuchanganya maji taka na maji ya mvua. Maji taka ya vyooni na jikoni, katika nyumba zilizounganishwa na mabomba, huenda katika mabwawa ya kusafishia kabla ya kufunguliwa kuelekea ziwani. Maji ya mvua hayasafishwi. Mtaro huyachukua kama yalivyo, pamoja na kila kilichokuwa juu ya barabara, na kuyafikisha. Ikiwa nyumba haina bomba la maji taka, au shimo la choo limejaa, maji hayo mawili hukutana mtaroni. Mwanafunzi wa gredi ya tano aweza kulielewa jambo hili bila taabu akichorewa mistari miwili ya rangi mbili ubaoni.

Mwalimu atangulie

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wiki mbili kabla ya somo tulitembea na walimu wanafunzi kutoka barabara za juu za mji hadi karibu na uzio wa hifadhi, tukiufuata mtaro mmoja tu. Kila penye badiliko tulisimama na kuandika: mtaro wa saruji umekuwa wa udongo; mtaro mwingine umeungana nao; kalvati imezibwa nusu kwa mchanga na chupa; hapa pana magereji, mchanga ni mweusi na unanuka mafuta; hapa pana soko, majani ya kabichi yameoza; hapa maji yamekula ukingo hata mizizi ya mti ikawa wazi.

Tuliona pia kwamba udongo wa sehemu nyingi za Nakuru ni jivu la volkeno, mwepesi na rahisi kuchukuliwa. Kalvati ikiziba, maji hutoka nje ya mtaro na kujichimbia njia mpya, na udongo uliochimbwa huteremka kuziba kalvati ifuatayo. Kwa njia hii kasoro ndogo ya juu huwa kubwa chini. Mwalimu mwanafunzi mmoja alichora ramani ya njia yote katika karatasi moja, akaweka namba kumi na moja mahali pa kusimama. Katika hizo tulichagua nne tu zilizo salama kwa watoto. Nyingine tuliziacha kwa sababu ya magari au kina cha mtaro.

Kuhusu usalama twasisitiza. Watoto wasitolewe nje mvua ikinyesha, wala wasiingie mtaroni wakati wowote. Mtaro ulio mkavu saa nane waweza kumchukua mtu mzima saa tisa, kwa mvua iliyonyesha mlimani bila tone kuanguka shuleni. Maji yachotwe na mwalimu kwa chupa iliyofungwa katika fimbo, na mikono ioshwe kwa sabuni baadaye.

Kupima shuleni

Somo la kwanza lilifanyika chini ya paa la darasa. Kanuni yake ni nyepesi: mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Wanafunzi walipima jengo la madarasa kwa kamba, wakapata urefu wa mita 20 na upana wa mita 8, yaani mita za mraba 160. Mvua ya milimita 15 juu ya paa hilo hutoa lita 2,400, ambazo hujaza mitungi 120 ya lita 20. Shule ina majengo matano ya namna hiyo, kwa hiyo hupeleka mtaroni mitungi 600 kwa mvua moja.

Darasa lilinyamaza. Watoto ambao kila asubuhi hubeba mtungi mmoja kutoka kioski cha maji wajua mtungi una uzito gani. Mmoja akauliza mbona maji hayo yote yanaachwa yaende, na hapo hesabu ikawa imezaa swali ambalo mwalimu hakuliandika katika maandalizi yake.

Somo la pili lilikuwa la chupa tatu. Katika mvua ya kwanza baada ya kiangazi, mwalimu akiwa amesimama barazani, alikinga maji ya mtaro wa shule mara tatu: yalipoanza tu kutiririka, baada ya dakika 15, na baada ya dakika 30. Chupa ziliachwa juu ya dirisha hadi siku ya pili. Ya kwanza ilikuwa na tope nene chini na utando juu. Ya pili ilikuwa na tope kidogo. Ya tatu ilikaribia kuonyesha mwandiko wa karatasi iliyowekwa nyuma yake. Wanafunzi wenyewe wakasema kwamba mvua ya kwanza ndiyo inayofagia. Wataalamu wa mitaro husema hivyo hivyo: uchafu mwingi huenda na maji ya mwanzo, kwa hiyo barabara iliyofagiwa kabla ya masika huliokoa ziwa kuliko ile ifagiliwayo baadaye.

Kasi ya maji nayo hupimika. Jani kavu huachwa lielee mita 10, na sekunde huhesabiwa. Mathalan, likitumia sekunde 20, kasi ni nusu mita kwa sekunde. Ikiwa maji yana upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 10, lita 25 hupita kila sekunde. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, tunachukua sehemu nane katika kumi, tukapata lita 20. Huo ni mtungi mmoja kila sekunde, au mitungi 3,600 kwa saa, katika mtaro ambao mtoto aweza kuuruka.

Hukumu kabla ya kipimo

Siku ya matembezi mwalimu mwanafunzi aliwaongoza watoto hadi namba ya tatu ya ramani, ambapo mtaro unatoka katika mtaa wa vyumba vya mabati vilivyosongamana. Maji yalikuwa meusi, yenye mifuko na harufu. Mvulana mmoja akanyoosha kidole, si kwa mtaro bali kwa msichana wa darasa lake, akasema, "Mwalimu, uchafu wote unatoka kwao." Wengine wakacheka. Msichana akafunga daftari lake.

Hapa ndipo twaona somo zima lilipokuwa hatarini. Watoto wengi wa shule za chini ya mji hukaa katika mitaa kama ule. Somo la mazingira likimfunza mtoto kwamba kwao ndiko chanzo cha uharibifu wa ziwa, atakachochukua nyumbani jioni hiyo ni aibu, na aibu haisafishi mtaro.

Mwalimu mwanafunzi hakumkaripia mvulana, wala hakuwahubiria watoto juu ya adabu. Aliuliza, "Maji haya yalipokuwa yakiingia mtaani kwao, kule juu, yalikuwa safi?" Hakuna aliyejua. Akasema, "Basi tumesema kabla ya kupima." Wakarudi hadi namba ya pili, juu ya mtaa, akachota chupa moja, wakashuka tena namba ya tatu, akachota ya pili. Chupa ya juu ilikuwa tayari na utando wa mafuta na mchanga mweusi, kwa kuwa mtaro ulikuwa umepita penye magereji na kituo cha matatu. Chupa ya chini ilinuka zaidi na ilikuwa na vipande vya taka. Watoto wakaandika yote mawili. Mwalimu hakuificha chupa ya chini ili kumpendeza msichana, na twamsifu kwa hilo pia.

Kisha akauliza kwa nini taka zaongezeka mahali hapo. Kukawa kimya. Msichana yule akasema bila kuinua macho, "Gari la taka halifiki kwetu. Njia ni nyembamba." Mwalimu akamwambia, "Asante, mwanangu. Hilo hatukulijua. Liandikwe." Likaandikwa na wote, mvulana yule akiwemo, katika safu ya sababu, chini ya namba tatu. Daftari la msichana lilikuwa limefunguliwa.

Tulipokutana jioni kujadili somo, baadhi ya walimu wanafunzi walisema kwamba mwenzao alibahatika. Sisi hatukukubali. Alikuwa ameandaa swali la kupanda juu, kwa sababu aliutembea mtaro huo kabla, akajua kilichoko namba ya pili. Mwalimu ambaye hakupita pale angebaki na kukaripia tu.

Swali la samaki

Jioni hiyo hiyo mwalimu huyo alituletea swali lililomshinda. Mtoto mmoja alimwambia wakati wa kurudi, "Sisi hula samaki wa ziwa hili." Ziwa lilipopanda, magadi yake yalipungua nguvu, samaki wakaongezeka, na watu wakaanza kuvua na kuuza mitaani. Watafiti walikuwa wamekwisha kupata metali nzito katika mashapo ya ziwa, na mwaka 2021 wakuu wa serikali waliwaonya wananchi wasile samaki wa humo kwa sababu hiyo. Mwalimu alikuwa na hofu kwamba akilisema jambo hili darasani atamharibia riziki mzazi wa mwanafunzi wake.

Tulilijadili kwa muda mrefu. Wengine walitaka jambo liachwe kwa kuwa halimo katika mada ya juma hilo. Wengine walitaka watoto waambiwe wakawakataze wazazi wao. Tulikubaliana juu ya njia ya tatu. Mwalimu awaeleze watoto ukweli siku inayofuata, kwa maneno machache na bila kumtaja mtu: kwamba metali haziozi wala haziondolewi kwa kukaanga, kwamba mwili wa mtoto hudhurika nazo kuliko wa mtu mzima, kwamba serikali imetoa onyo. Kisha mwalimu mkuu awaite wazazi na kuwaeleza mwenyewe, mtu mzima kwa mtu mzima. Si haki kumtwika mtoto wa miaka kumi kazi ya kumkanya mama yake juu ya chakula alichokihangaikia. Wala si haki kumficha mtoto huyo kilichomo sahanini mwake.

Kusahihisha kazi ya wanafunzi

Mwisho wa juma kila kikundi kilitoa ripoti ya ukurasa mmoja yenye ramani, vipimo, sababu na uamuzi. Katika kusahihisha tulishauri alama nyingi zitolewe kwa uamuzi uliofungamana na vipimo, hata ukiwa mdogo. Kikundi kilichoandika "mitaro yote ya Nakuru ni mibovu" kilipata alama chache, kwa maana walipita katika mtaro mmoja. Kikundi kilichoandika "kalvati ya namba mbili imezibwa nusu, kwa hiyo maji hutoka nje na kukata njia ya kwenda shuleni" kilipata nyingi. Ripoti ya namna hiyo yaweza kupelekwa katika ofisi ya wadi na kusomwa na mtu mwenye koleo na wafanyakazi.

Shule nayo iwe na sehemu yake. Wanafunzi walipendekeza mambo mawili ambayo hayakuhitaji ruhusa ya mtu wa nje: kuweka milizamu na tangi katika jengo moja ili sehemu ya mitungi ile 600 ibaki shuleni, na kuchimba shimo la kutuliza tope mwisho wa mtaro wa shule, lizolewe kila Ijumaa. Tangi lasubiri fedha. Shimo lilichimbwa, na tope la juma la kwanza lilijaza toroli mbili, nalo likapelekwa katika bustani ya shule.

Hitimisho

Mwalimu mwanafunzi atakayepangiwa shule iliyo mbali na Nakuru asidhani kwamba makala haya hayamhusu. Aliye Nairobi ataufuata mtaro wake hadi Mto Nairobi, uingiao katika Mto Athi na hatimaye katika Bahari ya Hindi. Aliye Kisumu ataishia katika Ziwa Viktoria. Kila shule iko juu ya mteremko fulani, na kila mteremko una mwisho wake. Tofauti ya Nakuru ni kwamba mwisho huo waonekana kutoka dirisha la darasa, na hauna mlango wa kutokea.

Twapendekeza hatua hizi kwa kufuatana: mwalimu aufuate mtaro mmoja mwenyewe, achague vituo vichache vilivyo salama, aanze kupima katika paa la shule, mahali ambapo hakuna mtoto wa kunyooshewa kidole, kisha ashuke na watoto, akichota maji juu na chini ya kila kituo. Safu ya sababu iachwe wazi katika daftari hadi vipimo viwe vimejazwa, na anayekaa mahali hapo aulizwe kwanza.